Kiswahili na Upimaji wa Utambuzi kwa Wagonjwa wa Mtikisiko wa Ubongo

Utangulizi

Mtu anapopigwa kichwani, au kichwa chake kinaporushwa mbele na nyuma kwa ghafla, ubongo hutikisika ndani ya fuvu na utendaji wake ukavurugika kwa muda. Hali hii ndiyo inayoitwa mtikisiko wa ubongo. Aghalabu picha za kichwa zinazopigwa hospitalini hazionyeshi dosari yoyote: fuvu halijavunjika wala damu haijavuja. Wagonjwa wengi hupata nafuu baada ya siku au majuma machache. Wapo, hata hivyo, ambao mwezi hupita, na hata mitatu, ilhali kichwa bado kinawauma, mwangaza unawachoma macho, usingizi umewaruka, na wakimaliza kusoma ukurasa mmoja hawajui walichokisoma. Taarifa ya wataalamu iliyotokana na mkutano wa Amsterdam wa 2022 kuhusu mitikisiko ya ubongo michezoni inazihesabu dalili kuwa za kudumu pindi zinapopita majuma manne.

Maadamu picha hazisemi, daktari hana budi kuuliza. Humwuliza mgonjwa tarehe, humsomea orodha ya maneno ayarudie, humtajia tarakimu azigeuze, humpa dakika moja ataje wanyama wote anaowakumbuka. Huu ndio upimaji wa utambuzi, na sehemu yake kubwa ni lugha. Makala haya yanachunguza yale yanayotokea vipimo vilivyobuniwa kwa Kiingereza vinapoulizwa kwa Kiswahili. Hoja inayoendelezwa ni kwamba muundo wa Kiswahili hubadilisha ugumu wa swali lenyewe, mara nyingine kwa kulifanya jepesi na mara nyingine kwa kulifanya zito, hata kama kila neno limefasiriwa kwa usahihi. Alama zinazotokana na maswali haya huchangia kuamua iwapo dereva arejee kwenye usukani, mwanafunzi akae mtihani, mchezaji wa raga arudi uwanjani, au anayedai fidia aaminiwe.

Majina ya ugonjwa na ya dalili

Tatizo huanza katika jina. Neno 'utambuzi' limekubalika katika isimu na saikolojia kwa maana ya shughuli za akili kama vile kukumbuka, kuzingatia na kupambanua. Wakati uo huo, madaktari hulitumia kwa maana ya kubaini ugonjwa. Mgonjwa anayeambiwa kwamba atafanyiwa 'kipimo cha utambuzi' anaweza kudhani anakwenda kutolewa damu. Akiambiwa kwamba atapimwa akili, mambo huharibika zaidi, kwa sababu katika mazungumzo ya kawaida anayepimwa akili ni yule anayeshukiwa kuwa na wazimu. Mtu aliyeanguka kutoka kwenye pikipiki hatarajii kuulizwa kama ana wazimu, na akihisi kwamba hilo ndilo linaloulizwa atajibu kwa hasira au kwa aibu. Hasira na aibu hupunguza alama. Pengine maelezo mepesi, kama vile 'kupima kumbukumbu na umakini', yangefaa kuliko istilahi yoyote kati ya hizo mbili.

Swali la kwanza ambalo mgonjwa huulizwa na kila mtu, kuanzia jirani hadi mwuguzi, ni: 'Ulizimia?' Akisema hapana, wengi huhitimisha kwamba hakuumia. Kitabibu hitimisho hilo si sahihi, kwani kupoteza fahamu si sharti la mtikisiko wa ubongo. Walio wengi hawazimii kabisa.

Baadaye zinakuja dalili. Chombo kinachotumiwa sana michezoni, SCAT, ambacho kilitokana na mkutano wa Prague wa 2004 na toleo lake la sita likachapishwa mwaka 2023, kina orodha ya dalili 22. Mgonjwa huipa kila moja alama kuanzia 0 hadi 6. Baadhi zinafasirika bila taabu: kuumwa na kichwa, kichefuchefu, kukosa usingizi. Nyingine zinasumbua. Kizunguzungu katika Kiswahili hubeba hali ya dunia kuzunguka, ya kichwa kuwa chepesi, na wakati mwingine ya kuyumba mtu anapotembea, ilhali orodha hiyo inatenganisha kisunzi na kukosa mizani. Mgonjwa mwenye dalili moja huishia kuzipa alama mbili, au mwenye mbili akatoa alama ya moja tu. Kuna pia dalili inayoelezwa kwa sitiari ya ukungu, yaani mtu kuhisi kana kwamba yumo ndani ya ukungu. Mzaliwa wa Limuru huenda akaielewa kwa kuwa ukungu anaamka nao. Mzaliwa wa Lamu atauliza ukungu gani. Kiswahili kina njia zake za kulisema jambo hilo: kichwa kimekuwa kizito, akili haishiki, mawazo hayakai. Mfasiri anayeng'ang'ania ukungu amefasiri picha na kuiacha dalili.

Saa, siku na miezi

Sehemu ya vipimo hivi hupima kama mgonjwa anajua yuko wapi katika wakati. Huulizwa mwezi, tarehe, siku, mwaka na saa, na jibu la saa hukubaliwa likiwa halijakosea kwa zaidi ya saa moja. Katika Kiswahili, saa huhesabiwa tangu macheo na machweo. Mgonjwa anayesema 'saa tatu' asubuhi yuko sahihi kabisa, lakini tafsiri ya neno kwa neno humweka saa sita nje ya wakati. Daktari mzoefu wa Nairobi au Mombasa hatapotea hapa. Mgeni anayejaza fomu ya Kiingereza kupitia mkalimani aweza kupotea, na hasa pale ambapo mgonjwa mwenyewe huchanganya mifumo yote miwili, akisoma simu yake kwa Kiingereza na kutamka kwa Kiswahili.

Siku nazo zina mtego wake. Kwa hesabu ya jadi ya pwani, siku huanza jua linapotua. Mzee akiulizwa saa mbili usiku wa Alhamisi leo ni siku gani, akajibu kuwa ni usiku wa Ijumaa, hajapotewa na fahamu. Anahesabu kama walivyohesabu wazazi wake.

Mtego mkubwa zaidi umo katika jaribio la kurudi nyuma. Watu wazima huambiwa wataje miezi kuanzia wa mwisho hadi wa kwanza, na watoto hutaja siku za juma kinyumenyume. Kwa Kiingereza, majina hayo hayana mpangilio unaoonekana ndani ya maneno yenyewe, kwa hiyo anayeyarudisha nyuma hana budi kushikilia mfululizo mzima akilini huku akiugeuza. Hiyo ndiyo kazi inayopimwa. Kwa Kiswahili, mtoto husema: Jumatano, Jumanne, Jumatatu, Jumapili, Jumamosi. Amehesabu tano, nne, tatu, mbili, moja. Majina matano kati ya saba yamebeba namba zake, na kilichobaki ni kukumbuka Ijumaa na Alhamisi zinakaa wapi. (Alhamisi pia ina maana ya tano katika asili yake ya Kiarabu, hivyo juma la Mswahili lina tano mbili, lakini mtoto wa darasa la pili halijui hilo na halimsumbui.) Mtoto ambaye ubongo wake haujatulia anaweza kulipita jaribio hili kwa sababu lugha imemfanyia nusu ya kazi.

Miezi hutegemea mazoea ya msemaji. Wapo wanaosema Januari, Februari, Machi. Wapo wengi pia wanaosema mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hawa wa pili wakiachwa watumie namba, jaribio limegeuka kuwa la kuhesabu kutoka kumi na mbili hadi moja. Wakilazimishwa kutumia majina wasiyoyatumia, jaribio linapima msamiati wao. Toleo la SCAT la mwaka 2023 hupima pia sekunde zinazotumika, jambo linaloongeza uzito wa tofauti hii.

Tarakimu

Hapa ndipo fonolojia inapokuwa na mengi ya kusema. Tazama tarakimu moja hadi tisa: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne, ta-no, si-ta, sa-ba, na-ne, ti-sa. Kila moja ina silabi mbili. Kwa Kiingereza, nane kati ya hizo tisa zina silabi moja na ya saba pekee ndiyo yenye mbili. Kwa nini jambo hili liwe na maana? Alan Baddeley na wenzake walionyesha mwaka 1975 kwamba kumbukumbu ya muda mfupi ya maneno huathiriwa na urefu wa maneno hayo: mtu hushikilia takriban kile anachoweza kukitamka kwa sekunde mbili. Mwaka 1980 N. C. Ellis na R. A. Hennelly waliwachunguza wazungumzaji wa lugha mbili huko Wales na kukuta kwamba walikumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelshi kuliko kwa Kiingereza, na wakaonyesha kuwa sababu ilikuwa muda wa kutamka namba za Kiwelshi. Watu walikuwa wale wale. Lugha ndiyo iliyobadilika.

Haiwezekani kuyahamishia matokeo hayo kwa Kiswahili moja kwa moja, kwani silabi za Kiswahili ni fupi na husemwa upesi. Hata hivyo, hakuna sababu ya kudhani kwamba kiwango cha kawaida kilichopatikana kwa wasemaji wa Kiingereza kinamfaa msemaji wa Kiswahili. Kuna jambo jingine ambalo idadi ya silabi hailionyeshi, nalo ni mfanano wa sauti. 'Tatu' na 'tano' huanza kwa silabi moja. 'Nne' na 'nane' hutofautiana kwa irabu moja tu katikati. Maneno yanayofanana kwa sauti huchanganyika kwa urahisi katika kumbukumbu ya muda mfupi. Mfululizo kama nne, nane, tatu, tano ni mgumu kwa namna ambayo 4-8-3-5 ya Kiingereza si ngumu, na mtahini asiyesikia vizuri 'nne' katika wodi yenye kelele atamwandikia mgonjwa kosa ambalo ni la sikio lake.

Jaribio ambalo linaathirika vibaya zaidi ni lile la kujumlisha kwa kasi, PASAT, ambalo linahusishwa na Dorothy Gronwall wa Auckland, New Zealand. Katika miaka ya 1970, Gronwall alilitumia kufuatilia jinsi wagonjwa wa mtikisiko wa ubongo wanavyopata nafuu. Mgonjwa husikia tarakimu 61 moja baada ya nyingine, na kila mara hujumlisha ile aliyoisikia sasa na ile iliyoitangulia, kisha hutamka jibu kabla ya tarakimu inayofuata. Kasi huongezwa kwa awamu: sekunde 2.4, 2.0, 1.6, hadi 1.2. Chukulia kwamba mgonjwa amesikia tisa, kisha nane. Kwa Kiswahili jibu ni kumi na saba, silabi tano. Kwa Kiingereza ni silabi tatu. Kuanzia kumi na moja hadi kumi na nane, kila jibu la Kiswahili lina silabi tano, hali kwa Kiingereza yapo ya silabi moja. Katika awamu ya sekunde 1.2, sehemu kubwa ya muda huishia mdomoni, na tarakimu inayofuata huingia wakati mgonjwa bado anatamka. Anaonekana mzito wa kufikiri. Kumbe uzito huo ni wa 'kumi na'.

Yupo atakayesema kwamba Mkenya aliyesoma ahesabu kwa Kiingereza, kwani hisabati alifundishwa kwa lugha hiyo, na hata namba ya simu huitaja kwa Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili. Hoja hii ina nguvu, na pengine kwa baadhi ya wagonjwa ndiyo njia bora. Lakini inadai kwamba mtahini amwulize mgonjwa kwanza huhesabu kwa lugha gani akiwa peke yake. Anayejumlisha kwa Kiingereza kichwani kisha akafasiri jibu hutumia sehemu ya sekunde kwa kila jibu, na kasi ndiyo inayopimwa.

Orodha za maneno na suala la ngeli

Katika SCAT ya sasa, mgonjwa husomewa maneno kumi mara tatu, na kila mara huyarudia anayoyakumbuka. Baadaye huulizwa tena bila kusomewa. Katika jaribio la André Rey, ambalo hutumiwa sana kwa wenye dalili za kudumu, orodha ni ya maneno 15 na hurudiwa mara tano. Orodha nzuri huwa na maneno ya kawaida, yenye urefu unaolingana, na yasiyovutana kimaana wala kisauti.

Sharti hili la mwisho ni gumu katika lugha yenye ngeli. Orodha iliyo na kidole, kisu, kikapu na kiti inampa mgonjwa uzi wa kushika: akikwama, anajua aanze na 'ki'. Wakati huo huo inampotosha, kwa kuwa kianzio hicho hicho kitamletea kijiko na kitanda ambavyo havikuwamo. Ikiwa orodha ya kwanza ina nomino nne za KI-VI na ile ya pili, anayopewa mwezi ujao ili asitumie mazoea, ina moja tu, tofauti ya alama kati ya miezi hiyo miwili haiwezi kusomwa kama kupona au kudhoofika. Mfasiri asiyetazama ngeli hawezi kuona kwamba ametunga orodha mbili zenye ugumu tofauti.

Maana nazo zinahitaji jicho. Tofaa, au tufaha, ni la kamusi. Mkenya wa bara husema 'epo', na pwani tufaha laweza kuwa tunda jingine kabisa, lile jekundu laini linaloota huko huko. Neno ambalo mgonjwa halitumii hulikariri kama sauti tupu.

Jaribio la herufi ndilo linalopinga kabisa kufasiriwa. Kwa Kiingereza, mgonjwa hupewa herufi F, kisha A, kisha S, na kwa kila moja ana dakika ya kutaja maneno mengi awezavyo. Haruhusiwi majina ya watu na mahali, wala neno lile lile lenye mwisho tofauti. Kanuni ya mwisho inadhani kwamba maneno hubadilika mkiani. Ya Kiswahili hubadilika kichwani pia. Kwa herufi A, je, 'anapika', 'alipika' na 'atapika' ni maneno matatu au moja? Tukiyakataa yote, nomino zinazobaki ni nyingi za mkopo: adabu, asali, askari, asubuhi. Kwa herufi K, mwerevu atagundua baada ya sekunde kumi kwamba kila kitenzi cha lugha hii huanza na 'ku' kikiwa katika hali ya kitenzi-jina, na dakika itamwishia kabla ya vitenzi kumwishia. Kwa herufi M, atanyambua watendaji: mpishi, mwimbaji, mchezaji, mwindaji. Hajavunja kanuni yoyote, na pia hajafanya ile kazi ya kupekua kumbukumbu ambayo jaribio lilikusudia. Suluhisho si kuchagua herufi yenye bahati. Linahitajika jaribio lenye kanuni za mofolojia ya Kiswahili, na hiyo ni kazi ya mwanaisimu.

Kutaja wanyama kwa dakika moja kunaonekana salama zaidi, na kwa jumla ni salama. Tahadhari ni moja. Kanuni za Kiingereza hukubali ndege, samaki na wadudu. Msemaji wa Kiswahili akiambiwa ataje wanyama anaweza kuwaacha kuku, papa na nyuki kwa sababu kwake hao si wanyama, ni ndege, samaki na wadudu. Maelezo yasipolitaja jambo hili, amenyimwa nusu ya hazina yake bila kujua.

Rangi na maumbo

Wapo wanaopendekeza kuepuka maneno. Kuna jaribio la kuunganisha namba na herufi kwa zamu, lililotoka katika majaribio ya jeshi la Marekani ya mwaka 1944, na baadaye likatungwa jingine linalotumia duara za waridi na manjano badala ya herufi. Hilo la pili linafaa kwa asiyekuwa na mazoea ya alfabeti. Jaribio la rangi la J. R. Stroop la mwaka 1935 haliepuki lugha: 'nyekundu' ni kivumishi kilichokwisha kuchukua upatanisho, na anayetazama mstari aweza kusema 'mwekundu' kwa ufasaha kabisa akaandikiwa kwamba amesitasita.

Kazi iliyokwisha kufanywa

Ingekuwa makosa kudhani kwamba uwanja huu ni mtupu. Kilifi, watafiti wamerekebisha majaribio kwa ajili ya watoto wanaosema Kigiriama na Kiswahili, hususan walionusurika malaria ya ubongo. Katika wilaya ya Hai nchini Tanzania lilitayarishwa jaribio la IDEA kwa wazee ambao huenda hawakusoma. Mojawapo ya kazi zake ni kupanga njiti za kiberiti kufuata mchoro, kitu ambacho kila nyumba inacho. Lakini majaribio hayo yalilenga watoto wa malaria na wazee wenye shaka ya kusahau. Hayakulenga kijana wa miaka 25 aliyegonga kichwa, ambaye upungufu wake ni mdogo na umo katika kasi na umakini. Upungufu wa aina hiyo ndio unaofichwa kwa urahisi na swali jepesi na kuzushwa kwa urahisi na swali zito. Makosa hayo mawili hayafutani: kurudisha siku nyuma humfanya mgonjwa aonekane mzima, kujumlisha kwa kasi humfanya mzima aonekane mgonjwa, na daktari anayeziweka alama hizo pamoja katika ukurasa mmoja anapata wastani usiomhusu mtu yeyote.

Tena alama peke yake haitoshi. Mtu asiyelala, mwenye maumivu au mwenye huzuni hupata alama za chini bila ubongo kuwa na kasoro mpya, na dalili hizo hizo ndizo zinazomfuata mwenye mtikisiko kwa miezi. Wagonjwa wengi hawakuwahi kupimwa kabla ya ajali, hivyo hulinganishwa na jedwali la watu wengine. Watu hao ni nani, walisoma hadi wapi, na walijibu kwa lugha gani ni maswali ambayo mgonjwa ana haki ya kuyauliza.

Limebaki suala la mkalimani. Pasipokuwa na toleo la Kiswahili, mwuguzi au jamaa wa mgonjwa huombwa afasiri papo hapo. Tarakimu zinapaswa kusomwa moja kwa kila sekunde, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Anayefasiri kwa huruma husema 'tatu-nane', anatua, kisha 'mbili-tisa', kama anayetaja namba ya simu. Kutua huko kumezigawa tarakimu nne katika jozi mbili, na jozi hukumbukwa kwa urahisi zaidi. Ndugu wa mgonjwa hufanya zaidi ya hapo: mgonjwa akisema 'Jumanne' na leo ni Jumatano, ndugu humkodolea macho, mgonjwa akajirekebisha, na mkalimani akamfikishia daktari jibu la pili tu.